Kipindi Kimoja au Mfululizo Mzima? Semantiki ya Marufuku ya Katuni za Televisheni katika Afrika Mashariki

IKISIRI

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa pale katuni za televisheni zinapoondolewa hewani kwa sababu ya maudhui yanayoleta ubishi. Mfano wa msingi ni uamuzi uliotolewa Nairobi mwezi Juni 2017 dhidi ya mifululizo sita ya katuni za Kimarekani, lakini mjadala unaelekezwa zaidi Dar es Salaam, ambako katuni hizo hizo hufika kwa njia ya king'amuzi na ya soko. Inajengwa hoja kwamba istilahi za Kiswahili za udhibiti, na hasa neno 'kipindi', hazibainishi kwa ukamilifu kile kinachokatazwa, na kwamba utata huo una athari kwa watazamaji, watangazaji na watayarishaji. Aidha, inaonyeshwa kuwa katuni ikiingizwa sauti ya Kiswahili, sarufi ya lugha yenyewe huficha baadhi ya mambo yanayolalamikiwa na kufichua mengine.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu katuni na maadili ya watoto umekwisha kuwa wa kawaida katika magazeti, misikitini, makanisani na katika vikao vya wazazi. Aghalabu mjadala huo huendeshwa kwa misingi ya dini, malezi au sheria. Ni mara chache sana suala hili hutazamwa kama suala la lugha. Hata hivyo, kila uamuzi wa kuiondoa katuni hewani ni tendo la lugha: kuna mamlaka inayosema, kuna kitu kinachotajwa, kuna kitenzi kinachotumika, na kuna hadhira inayotakiwa kutii. Kitu kinachotajwa kisipobainika vizuri, au kitenzi kikiwa na maana zaidi ya moja, utekelezaji wa uamuzi nao utayumba.

Makala haya hayakusudii kuamua iwapo uamuzi huu au ule ulikuwa wa haki. Hilo ni jukumu la wanasheria na la jamii yenyewe. Lengo letu ni finyu zaidi: kueleza jinsi Kiswahili kinavyoyabeba maamuzi ya aina hii, mahali kinapoyabeba vizuri na mahali kinapolemewa.

Kabla ya kuendelea ni vema tufafanue istilahi moja. Neno 'katuni' katika Kiswahili cha leo lina maana mbili kuu. Kwanza, ni mchoro wa kuchekesha au wa kukejeli unaochapishwa gazetini. Pili, ni filamu ya michoro inayotembea. Maana ya kwanza ndiyo iliyotangulia kuenea Tanzania Bara, kwa kuwa magazeti yaliwahi mno kuliko televisheni. Neno 'kibonzo' hutumika kwa maana hizo zote mbili, na istilahi 'uhuishaji', inayotokana na kitenzi 'huisha', imeanza kutumiwa kwa maana ya pili peke yake. Hapa tutatumia 'katuni' kwa maana ya pili, kwa sababu ndilo neno linalotumiwa na wazazi, watoto na wauzaji.

2.0 Televisheni na Katuni katika Jiji la Dar es Salaam

Historia ya televisheni katika Tanzania ina sura mbili. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri zaidi ya miaka ishirini. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa chombo hicho ni cha anasa na kwamba redio ilitosha kwa mahitaji ya taifa. Hali ilibadilika baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo vya watu binafsi. Mwaka 1994 vituo vya ITV, DTV na CTN vilikuwa vimekwisha kuanza Dar es Salaam, na televisheni ya taifa ilifuata miaka michache baadaye.

Mfuatano huu una maana kubwa kwa mada yetu. Kizazi cha kwanza cha watoto wa Bara waliokua na televisheni kilikutana nayo ikiwa imekwisha kujaa vipindi vya nje. Hapakuwa na kipindi kirefu cha mpito ambapo taifa lingejenga kwanza hazina yake ya vipindi vya watoto. Katuni zilifika zikiwa zimetengenezwa tayari, kwa Kiingereza, pamoja na mtazamo wa jamii zilizozitengeneza.

Badiliko la pili lilikuja tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na watazamaji wakalazimika kutumia king'amuzi. Neno hili linastahili kutazamwa. Limeundwa kutokana na kitenzi 'ng'amua', yaani kutambua au kufumbua jambo lililofichika, kwa kuongezewa kiambishi cha ngeli ya KI-VI na kiishio -i. Kwa maana yake ya asili, king'amuzi ni kile kinachotambua. Lakini chombo kinachouzwa madukani Kariakoo hakitambui lolote kuhusu maudhui. Kinachofungua ni mawimbi tu, na kila kilicholipiwa hupita. Kazi ya kung'amua lipi linafaa na lipi halifai imebaki kwa binadamu: mzazi sebuleni, mtangazaji kituoni na mdhibiti ofisini.

Njia ya tatu ya katuni kuingia katika nyumba za jiji hili ni soko. Kwa miaka mingi kanda za video, na baadaye diski, zimeuzwa katika maduka na meza za Kariakoo pamoja na bidhaa nyingine zote zinazopitia bandarini. Njia hii haikuwahi kupangiwa saa. Kanuni za utangazaji zinaweza kuagiza kwamba maudhui ya watu wazima yasubiri usiku, watoto wakiwa wamelala, lakini diski haina saa tatu ya usiku.

3.0 Istilahi za Udhibiti: Ukaguzi, Sensa na Uainishaji

Nchi za Afrika Mashariki zimeipa kazi ya kusimamia filamu majina yanayotofautiana, na kila jina lina picha yake.

Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka 1976, na chombo kilichotokana nayo kilijulikana kwa muda mrefu kama Bodi ya Ukaguzi wa Filamu na Michezo ya Kuigiza. Neno 'ukaguzi' linatokana na 'kagua', kitenzi ambacho Mswahili hukitumia kwa gwaride, hesabu, mizigo na magari. Anayekagua hulinganisha kitu na kipimo kilichopo tayari: hesabu zimetimia au hazikutimia, mzigo umelipiwa ushuru au haukulipiwa. Kwa mji wa bandari, picha hii haina ugeni. Filamu inakaguliwa kama kasha linaloshushwa kutoka melini. Siku hizi chombo hiki huitwa kwa ufupi Bodi ya Filamu, na neno 'ukaguzi' limeondoka katika jina ingawa kazi yenyewe haikuondoka.

Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Hapa 'sensa' ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, lenye maana ya kuchuja maandishi, michezo na picha. Kwa msomaji wa Bara neno hili lina mgongano, kwa kuwa 'sensa' kwake ni hesabu ya watu, kama ile Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Maneno mawili tofauti ya Kiingereza yamefika katika Kiswahili yakiwa na umbo moja, na kila upande wa bahari umezoea maana yake.

Kenya ina bodi ambayo jina lake la Kiswahili ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu. 'Kuainisha' ni kupanga kwa aina. Anayeainisha, kwa fasili, hatupi kitu; hukiweka mahali pake: hiki cha watoto, hiki cha watu wazima. Kwa hiyo chombo chenye jina la kuainisha kinapotangaza kwamba kitu hakitakiwi kabisa, kinafanya tendo ambalo jina lake halilitaji.

Televisheni, kwa upande wa Tanzania, iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye Kamati ya Maudhui. Hapa istilahi kuu ni 'maudhui'. Wanafasihi wamelizoea neno hili likiwa na maana ya yale yanayosemwa na kazi ya sanaa, kinyume cha 'fani'. Katika lugha ya udhibiti, hata hivyo, 'maudhui' hujumuisha kila kinachoonekana na kusikika, ikiwa ni pamoja na mavazi, ishara na mlio. Mhakiki wa fasihi na mdhibiti wanapotumia neno moja hawazungumzii kitu kimoja.

Vitenzi navyo vinatofautiana. 'Kupiga marufuku' hulenga tendo: kuonyesha, kuuza au kusoma. 'Kuondoa hewani' hulenga matangazo, nayo haisemi kama kitu chenyewe kitarudi. 'Kusitisha' huacha mlango wazi wa kuendelea. 'Kufungia', ambacho ndicho kitenzi kinachopendwa na magazeti ya Dar es Salaam, hulenga kitu au mtu: wimbo umefungiwa, gazeti limefungiwa, msanii amefungiwa. TCRA ilipotoa orodha ya nyimbo zisizotakiwa kuchezwa redioni na katika televisheni mwezi Februari 2018, kitenzi hiki ndicho kilichotawala mazungumzo ya mitaani. Sentensi yake ya kawaida ni ya kutendwa na haina mtenda: 'umefungiwa'. Nani amefungia, kwa kifungu kipi na kwa muda gani ni mambo ambayo sarufi ya kauli ya kutendwa inaruhusu yaachwe.

4.0 Utata wa Neno 'Kipindi'

4.1 Maana za 'kipindi'

Tatizo kubwa zaidi linatokana na nomino 'kipindi'. Maana yake ya msingi ni sehemu ya wakati. Katika mchezo wa mpira kuna kipindi cha kwanza na cha pili. Shuleni kuna kipindi cha Hisabati. Kwa Waislamu kuna vipindi vitano vya sala. Utangazaji wa redio ulilichukua neno hili na kulipa maana tatu zaidi: (a) nafasi katika ratiba, kama 'kipindi cha watoto', (b) mfululizo mzima wenye jina moja, na (c) toleo moja la mfululizo huo linalorushwa siku moja.

Kwa hiyo sentensi 'kipindi kimeondolewa hewani' ina tafsiri zisizopungua tatu. Inaweza kumaanisha kuwa nafasi ya ratiba imefutwa, kwamba mfululizo wote umekatazwa, au kwamba toleo la Jumanne iliyopita halitarudiwa. Vijana wa jiji wameuona upungufu huu na wanasema 'episodi' kwa toleo moja na 'sizoni' kwa msimu au hata kwa tamthilia nzima ya kigeni. Maneno haya hayajapata heshima ya kamusi, lakini yamejaza pengo lililokuwapo.

4.2 Mifano kutoka ughaibuni

Umuhimu wa kutenganisha maana hizi unaonekana wazi tukitazama matukio matatu ya nje.

La kwanza ni la Japani. Tarehe 16 Desemba 1997 toleo moja la katuni ya Pokémon lilionyesha mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na buluu, na watazamaji wapatao 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitalini. Mfululizo mzima ulisimamishwa kwa muda wa miezi minne ili sababu ichunguzwe, kisha ukarejea Aprili 1998. Toleo lenye madhara halikurushwa tena. Hapa kuna vitendo viwili tofauti, kusitisha mfululizo na kuondoa toleo, na kila kimoja kilikuwa na mpaka wake.

La pili ni la Australia. Katuni ya Kiingereza ya Peppa Pig ina toleo linalowafundisha watoto wasiogope buibui, kwa kuwa buibui ni mdogo na hawezi kudhuru. Fundisho hilo ni jema Uingereza. Nchini Australia, ambako wapo buibui wenye sumu kali, ni fundisho la hatari, na toleo hilo liliondolewa katika televisheni ya umma mwaka 2012. Peppa mwenyewe aliendelea kuonyeshwa. Mfano huu unathibitisha kwamba maudhui hayana ubaya au wema wa kudumu. Maana hukamilika mahali yanapopokelewa.

La tatu linatuhusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki za katuni za zamani za Warner Bros., iliziondoa katuni 11 katika mzunguko wa televisheni za Marekani. Katuni hizo, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1931 na 1944, ziliwachora watu weusi kwa dhihaka. Jungle Jitters na The Isle of Pingo Pongo, zote za mwaka 1938, ni miongoni mwao. Orodha ilikuwa na majina kumi na moja, na mamia ya katuni nyingine za studio hiyo hiyo zikaendelea kuonyeshwa. Yeyote aliyetaka kuupinga au kuuunga mkono uamuzi huo aliweza kuitazama orodha, jina kwa jina.

4.3 Nairobi, Juni 2017

Katikati ya Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilitangaza marufuku dhidi ya katuni sita zilizokuwa zikipatikana kupitia king'amuzi cha MultiChoice: The Loud House, The Legend of Korra na Hey Arnold!, za Nickelodeon, pamoja na Clarence, Steven Universe na Adventure Time, za Cartoon Network. Sababu iliyotolewa ni kwamba zilikuwa zikieneza ushoga kwa watoto, kinyume cha maadili na sheria za Kenya.

Kilichotajwa katika marufuku hiyo ni mifululizo. Hebu tuone tofauti iliyopo kati ya kilichotajwa na kilicholalamikiwa. The Legend of Korra ina matoleo 52, yaliyotolewa kati ya mwaka 2012 na 2014. Onyesho lililozua ubishi ni la mwisho kabisa la toleo la mwisho, ambapo wasichana wawili wanashikana mikono na kutazamana. Onyesho lenyewe halisemi lolote kwa maneno. Ni waundaji wake waliothibitisha kwa maandishi, siku chache baadaye, kwamba walikusudia mapenzi. Katika The Loud House yupo mtoto mwenye baba wawili, walioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Hey Arnold! ilikuwa imekwisha kutengenezwa tangu mwaka 2004, miaka kumi na mitatu kabla ya marufuku. Kwa Adventure Time mambo ni ya ajabu zaidi: busu kati ya wahusika wake wawili wa kike, ambalo sasa hutajwa mara nyingi katika mijadala, lilirushwa Marekani mwezi Septemba 2018, yaani zaidi ya mwaka mmoja baada ya mfululizo huo kukatazwa Kenya.

Mtetezi wa uamuzi huo anaweza kujibu kwa methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hoja hii isidharauliwe. Mfululizo hujenga uhusiano wa kudumu kati ya mtoto na mhusika, na maana ya onyesho moja inaweza kuyarudia matoleo yaliyotangulia na kuyapa sura mpya. Mzazi hana muda wa kutazama matoleo 52 ili kujua lipi ni lipi. Hata hivyo, wanunuzi katika soko la samaki la Feri wanaijua methali hiyo vizuri kuliko sisi, na bado huchambua samaki mmoja mmoja kabla ya kukataa tenga zima. Anayekataa tenga zima bila kuchambua hana budi kueleza kwa nini.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Uamuzi usiotaja toleo wala onyesho hauwezi kupimwa. Mtangazaji hajui akate wapi ili aruhusiwe tena. Mtayarishaji hajui mpaka uko wapi. Mzazi anayeunga mkono hajui amlinde mtoto dhidi ya nini, na anayepinga hana kitu mahususi cha kupeleka mahakamani. Jambo hili lilidhihirika pia Tanzania mwezi Februari 2023, Waziri wa Elimu Profesa Adolf Mkenda alipotangaza kuviondoa shuleni vitabu kadhaa vilivyoelezwa kuwa kinyume na mila na desturi, ukiwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, ambao husimulia kwa maandishi na michoro ya katuni. Kama ilivyokuwa Nairobi, kilichotajwa kilikuwa mfululizo.

5.0 Kiswahili kama Mchujo: Sarufi na Udugu

Katuni zilizokatazwa Nairobi zilizungumza Kiingereza. Je, ingekuwaje kama zingezungumza Kiswahili? Swali hili si la kinadharia tu. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimekuwa na watazamaji wengi Dar es Salaam, na kinachofanyika kwa tamthilia kinaweza kufanyika kwa katuni.

Inajulikana kwamba kuingiza sauti ni namna mojawapo ya udhibiti. Katuni ya Kijapani ya Sailor Moon ina wahusika wawili wa kike wanaopendana, na tafsiri ya Kiingereza iliyorushwa Marekani mwaka 2000 iliwageuza kuwa mabinamu. Picha haikuguswa, uhusiano ulibadilishwa kwa neno moja.

Kiswahili kina nyenzo zake. Kwanza, viambishi vya nafsi ya tatu havitofautishi jinsi. Sentensi 'anampenda' haisemi nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Maneno 'mpenzi', 'mwenzi' na 'mchumba' nayo hayasemi. Mfasiri wa Kiswahili, tofauti na wa Kiingereza au Kiarabu, anaweza kupita mahali pengi penye ubishi bila kudanganya na bila kufichua.

Pili, majina ya udugu yana upana ambao Kiingereza hakina. Mtoto wa Kiingereza mwenye baba wawili huleta swali mara moja. Mtoto wa Kiswahili mwenye baba wawili hana ajabu yoyote: ana baba mzazi na baba mdogo, au baba mkubwa, na wote huitwa 'baba' kwa heshima ile ile. Mtoto wa Ilala anayesema 'baba zangu wamesafiri' haelezwi kuwa ametoka katika familia ya kigeni. Vivyo hivyo kwa mama mzazi, mama mdogo na mama wa kambo. Kwa hiyo lile lililoonekana waziwazi katika The Loud House lingeweza kupita masikioni mwa mtoto wa hapa kama ukoo wa kawaida.

Tatu, kinyume cha hayo, kuna mahali ambapo Kiswahili hufichua zaidi. Kitenzi cha ndoa kina mwelekeo: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Steven Universe, katika toleo lililorushwa Julai 2018, ilionyesha harusi ya wahusika wawili wenye sura za kike. Mfasiri wa Kiswahili angepaswa kuchagua nani anaoa na nani anaolewa, au kukimbilia kauli ya kutendana, 'wameoana', au maneno 'wamefunga ndoa'. Sarufi ingemdai jibu ambalo Kiingereza hakikulidai.

Nne, lipo neno 'shoga'. Katika pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike 'shoga' au 'shoga yangu', na hakuna namna ya kuita iliyo ya kawaida zaidi katika baraza za Kariakoo na Unguja. Katika matumizi mengine, ambayo sasa yameenea mno Bara na Kenya, neno hilo humtaja mwanamume mwenye uhusiano wa kimapenzi na wanaume, na kutokana nalo limepatikana 'ushoga'. Katuni yenye wasichana wawili marafiki ikifasiriwa kwa Kiswahili fasaha cha pwani ingejaa 'shoga' kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji wa Unguja angesikia urafiki. Wa Nairobi angeweza kusikia kile hasa ambacho bodi imekikataza. Tafsiri moja, mipaka miwili ya maana.

6.0 Kariakoo na Mtafsiri wa Video

Jiji la Dar es Salaam lina desturi yake ya kuzipokea picha za kigeni, nayo haikutoka kwa mdhibiti. Katika vibanda vya video, na baadaye katika kanda na diski zilizouzwa Kariakoo, filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilisimuliwa upya kwa Kiswahili na watafsiri, ambaye mashuhuri kati yao alikuwa Lufufu. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameichunguza sanaa hii kwa kina. Mtafsiri hafuati maneno ya wahusika neno kwa neno. Hueleza, hufupisha, hutania, hutaja mitaa ya Dar es Salaam badala ya miji ya kigeni, na mara nyingine huzungumza juu ya sauti ya filamu mpaka isisikike.

Kwa mtazamo wa isimujamii, mtafsiri huyu ni mdhibiti asiye na cheo. Tofauti yake na bodi ni kwamba hakatai picha, huiwekea maelezo. Onyesho lisilomfaa hulilaumu, hulicheka au hulipa maana nyingine, na hadhira hubaki na yote mawili, picha na maoni. Hii ni njia ya zamani ya mwambao: kisa cha kigeni huingia, lakini huingia kikiwa na msimulizi.

Njia hii ina mipaka yake. Hufanyika nje ya sheria ya hakimiliki, huweza kupotosha, na haimlindi mtoto aliye peke yake mbele ya kioo. Lakini inatukumbusha kwamba kati ya kuruhusu na kufungia kuna nafasi ya tatu, na kwamba nafasi hiyo ni ya lugha.

Nafasi ya nne ni kutunga. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imewapa watoto katuni iliyoanza kwa Kiswahili na kufundisha hisabati na sayansi; Akili and Me ikafuata kwa walio wadogo zaidi. Mtayarishaji wa hapa ndiye anayehitaji kuliko wote kujua kwa uhakika mipaka iko wapi. Kampuni kubwa ya Marekani ikifungiwa Kenya hupoteza sehemu ndogo ya soko lake. Studio ya Dar es Salaam ikifungiwa nyumbani inaweza kupoteza kila kitu, kwa hiyo lugha isiyo wazi humfanya mtunzi ajifungie mwenyewe kabla ya kufungiwa.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uondoaji wa katuni hewani ni suala la istilahi kama ulivyo suala la maadili. Vyombo vya udhibiti vina majina yenye picha tofauti. Vitenzi vyake havilingani kwa upeo wala kwa muda. Na nomino 'kipindi' inabeba maana tatu katika utangazaji peke yake. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa ngeli zake, majina yake ya udugu na vitenzi vyake vya ndoa, hakiwezi kuipokea katuni ya kigeni bila kuibadilisha.

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi za utangazaji zisanifiwe kwa ngazi nne: 'mfululizo' kwa kazi nzima yenye jina moja, 'msimu' kwa kundi la matoleo ya kipindi fulani cha mwaka, 'toleo' kwa kile kinachorushwa mara moja, na 'onyesho' kwa kipande ndani ya toleo. Neno 'kipindi' libaki kwa nafasi ya ratiba. Pili, kila uamuzi wa kuondoa hewani utaje ngazi inayohusika, lugha ya sauti iliyokaguliwa, sababu na muda. Tatu, idara za Kiswahili zijihusishe na mafunzo ya kuingiza sauti, kwa kuwa kazi hiyo imeachiwa soko wakati ni kazi ya mwanaisimu na mfasiri.

Mapendekezo haya hayatamaliza ubishi juu ya yale ambayo mtoto wa Kariakoo au wa Kariobangi anapaswa kuyatazama. Ubishi huo ni wa jamii, na jamii itaendelea nao. Yatakachofanya ni kuwawezesha wanaobishana kujua kwamba wanazungumzia kitu kimoja.